Mteja Kabadili Oda Kazi Imefika Mwisho: Ukubali Bure, Umdai Nyongeza, Ukatae au Ufungue Oda Mpya?

Mteja wa fanicha ya kuagiza hubadili mawazo, tuanzie hapo. Kaona picha kwenye simu, au shangazi mtu kapita kasema kabati lisilo na kioo ni la stoo, au godoro lililoletwa kutoka Dar limekuwa kubwa kuliko kitanda. Huku Mtwara na Lindi kuna na la korosho: aliyeagiza mwezi wa nane akiwa anahesabu shilingi, minada ikishaanza Oktoba na malipo yakaingia benki, anarudi karakana na mawazo mapya. Wewe umefika kwenye msasa, yeye ndiyo kwanza anaanza kuota.

Mafundi wa huku hujibu kwa njia nne. Wapo wanaokubali bure. Wapo wanaokubali kwa bei ya nyongeza. Wapo wanaokataa na kumaliza kama walivyopatana. Na wapo wanaoiweka kando kazi ya kwanza na kufungua oda mpya. Kila njia ina siku yake, ila mimi naanza na nyongeza, na nyingine nazikimbilia hiyo inapogoma. Kabla hujachagua, tazama mbao imefika wapi. Hilo linaamua zaidi kuliko ukubwa wa mteja au utamu wa maneno yake.

Mbao imefika wapi

Kabla msumeno haujagusa mbao, mabadiliko ni karatasi tu. Chora upya, piga hesabu upya, endelea. Kumdai mtu pesa ya usumbufu hapo ni roho mbaya, labda kama umeshanunua mbao za kipimo maalumu kwa ajili yake.

Ukishakata, kupunguza kunawezekana, kuongeza ni shida. Meza ya futi 6 inaweza kuwa ya futi 5. Ya futi 5 haiwi ya 6 mpaka ununue ubao mwingine, na hapo ndipo linapokuja jambo ambalo mteja halijui na fundi husahau kumwambia: mninga haufanani na mninga. Ubao mmoja ni wa kahawia iliyofifia, mwingine unaelekea wekundu, mwingine una michirizi. Ulipoanza kabati lile ulipanga mbao zinazopatana. Ubao wa kuongeza utatoka mti mwingine, pengine msitu mwingine, na ukishapiga vanishi tofauti itaonekana mtu akiwa bado mlangoni.

Halafu kuna maji. Mbao ulizoanza nazo zimekaa karakana wiki nyingi, zimetulia. Ubao ulionunuliwa jana, tena miezi ya mvua, bado una unyevu wake. Ubao haupungui urefu ukikauka, unapungua upana. Kwa hiyo paneli uliyoongeza dakika za mwisho ndiyo itakayoachia ufa pale ilipoungwa, miezi mitatu baadaye, na lawama zitakuja kwako. Kwa mbao ngumu, kukausha kwa hewa huhesabiwa karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Hakuna mteja wa dakika za mwisho atakayekusubiri hivyo, kwa hiyo swali la kwanza ni kama wewe mwenyewe au jirani yako mna mbao kavu ya ziada. Kama hamna, zile njia mbili za kukubali zimeshakufa.

Baada ya gundi mambo ni magumu zaidi. Kiungo cha ulimi na tundu kilichoshikwa vizuri hakifunguki, kinavunjika. Utakata na kupoteza inchi kadhaa kila upande, na kipande kilichobaki kitafaa kazi ndogo tu.

Hatua mbaya kuliko zote ni baada ya sila (ile dawa ya kuziba vitundu vya mbao) na vanishi, hasa mteja akitaka rangi nyingine. Alisema "acha rangi yake ya asili". Sasa kaona sebule ya jirani, anataka nyeusi ya kahawa. Rangi ya kukoleza inatakiwa iingie kwenye vitundu vya mbao, na sila imeshaviziba. Ukiipaka juu itashika huku na kuteleza kule. Unabaki na mambo mawili: urudi msasa mpaka kwenye mbao tupu, kazi ambayo kwenye pembe na nakshi haifiki kirahisi, au uchanganye rangi ndani ya vanishi na kupiga juu ya ile ya zamani. Hili la pili ni la haraka na wengi hulichagua, lakini linafunika nyuzi za mbao, zile zile zilizomfanya mteja alipe bei ya mninga badala ya paini ya Mufindi. Piga mkono mmoja wa rangi hiyo kwenye kipande cha mabaki, mpe akione juani. Nusu yao wanaghairi hapo hapo.

Kitanda cha 5 kwa 6 kinachotakiwa kiwe 6 kwa 6

Nitatumia kazi moja kulinganisha njia zote, kwa sababu ndiyo inayotusumbua sana. Bei ni za mfano, weka za kwako.

Mmepatana kitanda cha mninga, futi 5 kwa 6, Sh 900,000. Mteja katoa kianzio cha Sh 500,000. Ndani ya bei hiyo faida yako ni Sh 180,000. Umekata chaga zote, kichwa na miguuni vimeshaungwa kwa gundi, vanishi bado. Simu inaingia: godoro la zawadi ni 6 kwa 6.

Urefu haujabadilika, kwa hiyo mbao mbili za ubavuni zinabaki. Chaga zote zimekuwa fupi kwa futi moja. Kichwa na miguuni lazima viongezwe upana, maana yake kuvikata na kuviunda upya. Na upana wa futi 6 unahitaji boriti ya katikati yenye mguu wake, la sivyo chaga zitalegea na godoro litabonyea katikati. Hesabu: mbao Sh 130,000, kuranda mashineni Sh 15,000, ufundi wa siku mbili wa fundi na msaidizi wake Sh 80,000. Jumla Sh 225,000. Chaga na vipande vya zamani havitupwi. Vitaingia kitanda kingine cha futi 5, tuvipe thamani ya Sh 45,000.

Kukubali bure

Kwa kitanda hiki, ukikubali bure umetoa 225,000 na kubaki na vipande vya 45,000. Yaani 180,000 ya faida imekwenda yote, na kama vile vipande havitapata kazi hivi karibuni, umeingia hasara. Siku mbili za mteja mwingine umezila bure pia.

Ubaya mwingine hauonekani kwenye hesabu. Fundi anayefanya nyongeza bure kwa shingo upande hujilipa mahali pengine: msasa unakuwa wa haraka, mkono wa pili wa vanishi unasahaulika, sehemu ya nyuma inafungwa kwa plaiwudi nyembamba. Mteja anapata futi 6 zake na kitanda kibaya.

Hata hivyo bure ina mahali pake. Kuhamisha shelfu, kubadili vishikio kabla hujatoboa, kuzungusha mlango wa kabati ufungukie kulia kabla hujachonga nafasi ya bawaba: hayo yafanye. Kipimo changu ni kwamba lisihitaji mbao mpya na lisile hata nusu siku. Ila liandike kwenye ankara, na bei yake halisi, kisha andika punguzo lake chini. Mteja akiona "kubadili shelfu Sh 10,000, punguzo Sh 10,000" anajua ombi lijalo lina bei.

Kuna na undugu, na huku kwetu hilo si dogo. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wote ni watu wa upande wa mama, na mjomba akisema "kijana, niwekee na droo mbili hapo chini" haumtumii ankara. Mfanyie, lakini itaje kuwa zawadi mbele ya watu: "Mjomba, hizi droo ni zawadi yangu ya harusi." Zawadi imeshatolewa, haiongezeki. Usipoitaja, wiki ijayo utaambiwa ya kioo.

Kukubali kwa nyongeza

Hii ndiyo ya kuanzia. Kwa kitanda chetu: gharama 225,000, weka faida ya asilimia 20 ambayo ni 45,000, inakuwa 270,000. Ondoa 45,000 ya vipande utakavyobaki navyo. Mdai Sh 225,000. Kitanda kizima kinakuwa Sh 1,125,000. Kumpunguzia thamani ya mabaki kuna faida kubwa katika mazungumzo: mteja anaona hukumkomoa, na wewe hujapoteza kitu.

Tofauti ya nyongeza nzuri na ugomvi ni mpangilio. Bei kwanza, pesa pili, msumeno tatu. Mafundi wengi wanaanza na msumeno kwa sababu muda umebana, halafu wanataja bei siku ya kukabidhi, mbele ya wageni, na mteja anaona ametegwa.

Na iwe kwa maandishi. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura 345, makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, na pande mbili zikikubaliana kubadili mkataba, yale mapya ndiyo yanayosimama. Shida haipo kwenye sheria, ipo kwenye ushahidi. Mkiongea kwa simu, ukikata tu andika:

"Salaam dada. Nimepokea ombi lako la kubadili kitanda kutoka 5x6 kwenda 6x6. Mbao za ubavuni zinabaki. Kichwa, miguuni na chaga vinatengenezwa upya, boriti ya katikati inaongezwa. Nyongeza Sh 225,000, jumla mpya Sh 1,125,000. Siku ya kukabidhi inasogea kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi. Ukiafiki, jibu NAKUBALI na utume nyongeza. Nimesimamisha kazi mpaka kesho saa 4 asubuhi. Nisipopata jibu naendelea na 5x6."

Mstari wa mwisho ndio wenye nguvu. Bila hiyo saa, mteja anakaa kimya siku tatu, kisha anauliza kwa nini umechelewa. Pamoja na ujumbe, piga picha ya kazi ilipofikia, futi kamba ikionekana juu ya kichwa cha kitanda. Kwa mzee asiyesoma, ujumbe wa sauti unatosha, mradi bei na siku zitajwe kwa sauti na yeye mwenyewe ajibu kwa sauti.

Jambo moja la kuliweka tangu siku ya kianzio: nani anasema. Harusi ina mama, shangazi, mjomba na bwana harusi, na kila mmoja ana namba yako. Muulize mwenye kulipa, "Nikipokea maneno mawili, nisikilize la nani?" Andika jina hilo kwenye daftari.

Kazi za nakshi zina utaratibu wake. Ukiwa na mchongaji unayemlipa kwa siku, usitaje bei moja kwa "ongeza maua kidogo", maana kidogo ya mteja haina mwisho. Mdai mteja kwa siku za mchongaji, na siku ya kwanza ilipwe kabla hajashika patasi.

Kukataa

Kuna mafundi wanaoona kukataa ni kumfukuza mteja. Mimi naona bora lawama kuliko fedheha. Harusi ikiwa Jumamosi na leo ni Jumatano, kitanda cha futi 6 kitafika na vanishi inayonata, shuka jipya litagandia juu yake, na hiyo ndiyo sifa itakayozunguka mitaa ya Mtwara, Ligula mpaka Chikongola. Miezi ya mvua ni mbaya zaidi, kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu na kila mkono wa vanishi unachukua muda wake kukauka.

Na usidhani mbao utaipata usiku uwahi. Mazao ya misitu, usiku au mchana, yanahitaji hati ya kusafirishia kutoka TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ubao wa bei rahisi wa "njoo uchukue saa nne usiku" ukikamatwa kizuizini unaondoka na pikipiki iliyoubeba. Wenye mbao halali wapo, vikiwemo vijiji vya Kilwa vyenye misitu yao ya hifadhi, ambavyo kundi lao lilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, lakini kuvuna na vibali vyake si mambo ya siku tatu.

Kuna kukataa kwingine ambako hakuna mjadala wala bei: mteja anapotaka uondoe kitu kinachobeba uzito. "Toa ule mguu wa katikati, unaharibu sura." "Fanya miguu ya meza iwe myembamba kama ile ya kwenye picha." Ile ya kwenye picha pengine ni ya chuma. Hata akilipa mara mbili, jibu ni hapana.

Ukikataa, mpe njia nyingine mkononi. Kwa kitanda chetu ipo moja ambayo fundi haipendi kuisema kwa sababu haina pesa yake: badilisha godoro. Kama bado lipo ndani ya nailoni yake na risiti ipo, aliyelinunua amuulize muuzaji. Kwa mteja hiyo inaweza kuwa nauli tu, dhidi ya Sh 225,000 zako. Utapoteza nyongeza, ila kitanda kitafika siku mliyopatana na oda ya kabati itakuja kwako.

Kufungua oda mpya

Njia hii hutumika kidogo, na nadhani inastahili zaidi. Unamwambia mteja: kitanda cha futi 5 nakimaliza na kinakuwa changu, nitakiuza. Chako cha futi 6 naanza upya kwa Sh 1,050,000, na kianzio chako nakihamishia huko baada ya kutoa Sh 100,000 kwa kunibebesha cha kwanza. Jumla analipa Sh 1,150,000. Linganisha na nyongeza: tofauti ni Sh 25,000 tu, na anapata kitanda ambacho mbao zote zilichaguliwa pamoja, bila kiraka wala rangi mbili.

Wewe je? Hapo msimu ndio unaoamua. Novemba na Desemba, korosho zimeuzwa, kitanda cha futi 5 kilichokamilika hakikai kando ya barabara muda mrefu. Utakiuza 900,000 na ile laki moja imebaki mfukoni. Machi hali nyingine kabisa: pesa zimekwisha, watu wanawaza palizi, kitanda kitasimama nje kikipigwa na upepo wa bahari, na mtaji wako umelala ndani yake. Kwa hiyo njia hii nzuri wakati wa msimu ni mzigo nje ya msimu. Ajabu ni kwamba msimu huo huo ndio unaokosa nafasi ya kuanza kazi upya, maana karakana imejaa. Ukiwa na fundi wa pili unayemwamini, inafanyika.

Haifai kabisa kwa kitu chenye kipimo cha nyumba ya mtu. Mlango uliotengenezwa kwa fremu ya nyumba fulani mtaa wa Shangani, au kabati la kupachika ukutani, nani atakununulia? Kwa hizo rudi kwenye nyongeza, au ukatae.

Wateja wa ofisi na shule

Hapa hesabu zote za juu zinasogea kando. Shule ya serikali au halmashauri ikikupa oda ya madawati au makabati, ununuzi umepita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na una karatasi yake. Mwalimu mkuu akija karakana akasema "fundi, ongeza sehemu ya vitabu chini", amesema kwa nia njema na hana mamlaka hayo. Mabadiliko ya mkataba wa umma yanataka idhini ya afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, kwa maandishi. Ukiongeza kwa neno la mdomo, utalipwa ile bei ya kwanza na shukrani. Mjibu kwa heshima, mwombe barua, na endelea na dawati kama lilivyochorwa.

Kampuni binafsi na hoteli ni rahisi kidogo. Kwao wapo mafundi wanaoweka fungu la tahadhari ndani ya bei tangu mwanzo, tuseme asilimia 10, kwa ajili ya mabadiliko, na lisipotumika wanalirudisha. Mteja wa kawaida ukimweleza hivyo atadhani umepandisha bei. Meneja wa hoteli atalielewa haraka.

Mabaki ni ya nani

Swali hili huibuka kazi ikishakwisha. Mteja aliyelipa nyongeza nzima, bila kupunguziwa thamani ya vipande, ana haki ya kuja na bajaji kuchukua chaga zake za zamani, hata kama atazifanya banda la kuku. Aliyepunguziwa, kama yule wa Sh 45,000, ameshaziuza kwako. Liweke kwenye ule ujumbe wa mwanzo kwa mstari mmoja: "Chaga na vipande vya zamani vinabaki karakana." Na zipange juu, mahali pakavu, ziandike kwa chaki "futi 5".